Barua ya Anaklet Ilifika

Ihanda, mchana, kesho ukiwa safarini

Koku mwanangu,

Salamu nitaziruka. Asubuhi umeniamkia nikaitikia, na jioni ukirudi kutoka Kamuli kumuaga bibi yako utanipa pole ya kutwa. Katikati ya salamu hizo mbili nina saa chache za kukuandikia jambo ambalo mdomo wangu umelikataa tangu ukiwa mtoto.

Mambo ya safari mama yako ameyamaliza. Amekwambia sweta liwe juu ya begi, amekwambia usile chochote cha kupewa na mtu usiyemjua ndani ya basi, amekwambia na mengine ambayo nimeyasikia mpaka nimeyakariri. Mimi sina la kuongeza. Hata ningekuwa nalo, leo sina uso wa kumfundisha mtu namna ya kuishi.

Jumanne, tukiwa mezani, ulitusomea dibaji ya mkusanyo wako. Ulisema ukifika chuoni utatafuta mwalimu wa kukusaidia kuziweka barua za chama chetu cha wakulima mahali ambapo yeyote duniani anaweza kuzisoma. Ulisoma kwa sauti ile unayosomea masomo kanisani: "Baba yangu alihifadhi kila barua iliyopita kwenye orodha ya wakulima wetu. Hakupoteza hata moja, isipokuwa moja tu ambayo umeme uliichukua." Mama yako akapiga makofi. Mimi nikasema tonge limenipalia, nikatoka. Nilisimama nyuma ya jiko mpaka matoke yangu yakapoa, na uliponiletea maji nikakuambia ni pilipili.

Umeme haukuichukua, Koku. Niliitoa mimi.

Ngoja nianzie mbali kidogo, maana wewe orodha uliikuta imeshazeeka, wenye simu kubwa wameshahamia kwenye makundi yao ya WhatsApp. Ilipoanza, Kyerwa ilikuwa bado haijawa wilaya yake, na chama chetu kilikuwa kimetapakaa kutoka huku Ihanda mpaka juu kabisa Bugomora. Kukutana ilikuwa kazi. Sista Imakulata, yule mtawa mfupi mwenye kicheko cha kusikika barabarani, alikuwa na chumba cha kompyuta pale parokiani. Akatufungulia anwani moja tu. Ukituma barua pepe kwenye anwani ile, inawafikia wote waliojiandikisha. Wenye anwani tulikuwa ishirini na kitu: walimu, makatekista, bwana shamba mmoja, na wakulima wachache ambao Sista aliwashika mkono mpaka wakajua kubonyeza. Wengine wote walisubiri siku ya mkutano, katibu awasomee yaliyoandikwa. Katibu nilikuwa mimi.

Masanduku ya barua pepe ya siku zile yalikuwa madogo, yakijaa mtu anafuta. Kwa hiyo kuhifadhi kukawa kazi yangu. Kila barua niliishusha kwenye mashine. Mwanzoni zilikaa zote mahali pamoja kama maharage ndani ya gunia. Ukitaka moja unatia mkono na kubahatisha. Ndipo Sista akaleta ile programu unayoijua, ya kusomea vikundi vya habari. Akazigawa barua zetu katika vikundi: migomba, kahawa, mifugo, matangazo. Barua iliyoanzisha hoja inakaa juu, majibu yake yanaingia chini yake, na majibu ya majibu yanaingia ndani zaidi. Ambayo hujaisoma inaonekana kwa wino mzito. Ukishaifungua wino unakuwa mwepesi. Mtandao hatukuuhitaji, umeme tu. "Katibu," Sista aliniambia, "kila barua imebeba namba yake na namba ya ile inayoijibu. Mashine haitumii akili, inafuata namba." Nikaitikia kama mtu aliyeelewa.

Wewe ulijifunzia kusoma pale, juu ya goti langu. Wenzako walisoma habari za sungura na fisi, wewe ulisoma habari za mbolea. Unamkumbuka yule mzee aliyetangaza mbuzi wake aliyepotea, kila wiki, kwa herufi kubwa, mpaka mbuzi akarudi mwenyewe na yeye akaendelea kutangaza? Ulicheka mpaka ukateleza kwenye goti. Barua zake zote zipo. Wale waliokuwa wakiandika "naomba mnitoe kwenye orodha" wapo pia, na mimi nilijivuna kwamba hata hao sikuwatupa. Nilimhifadhi mbuzi, Koku. Kumbuka hilo unaposoma yanayofuata.

Barua ya kwanza ulikuwa ukiiita mama, na majibu ukayaita watoto. Siku moja, hata miaka saba ulikuwa hujatimiza, ukaweka kidole kwenye kioo, katika kikundi cha migomba. Palikuwa na mstari mtupu, usio na jina wala neno, na chini yake majibu mawili. Ukaniuliza, "Baba, hawa wawili mama yao yuko wapi?"

Nikakujibu, "Umeme ulikatika nikiwa naihifadhi. Mama yao akapotea."

Ukasema, "Maskini." Na kwa wiki kadhaa, kila tukifungua mashine, ulikuwa ukienda kwanza kwa wale wawili kuwapa pole. Mimi nilikuwa nakungoja umalize. Nadhani ni kwa sababu ya wale wawili unakwenda Tabora kusomea utunzaji wa kumbukumbu. Uliwahi kumwambia bibi yako kwamba unataka kazi ya kuzuia barua zisipotee, akakuuliza kama serikali inalipa mtu kwa hilo. Sote tulicheka. Na mimi nilicheka.

Sasa nikwambie aliyekuwa kwenye ule mstari mtupu.

Mzee Anaklet wa Bugomora unamjua kwa jina tu. Wazazi wake walitoka Rwanda kabla hajazaliwa. Yeye kitovu chake kimezikwa Bugomora. Wakati ule alikuwa na kibanja cha migomba ambacho ukikiona unatamani kuvua viatu. Mtu akijenga, akioa, akipata mtoto, Anaklet alimwita akachukue miche ya migomba, bure. Tulikuwa marafiki tangu tulipokutana kwenye mafunzo ya chama. Wewe ulipozaliwa aliniletea ujumbe: njoo uchukue miche mitano ya mtoto.

Mnyauko, ule ugonjwa wa migomba, ulikuwa ndio kwanza umeingia kwetu. Ulikuwa bado hujulikani vizuri, ila sisi viongozi tulishafundishwa: panga lililokata mgomba mgonjwa usilitie kwenye mgomba mwingine kabla hujalipitisha kwenye moto. Mimi ndiye niliyekuwa nazunguka kuwafundisha watu. Nilikuwa na wimbo kabisa, nikiwaimbisha wakulima: moto kwanza, panga baadaye. Walinitania kwa jina la Katibu Moto.

Asubuhi ya siku niliyokwenda Bugomora nilipitia Kamuli, kwa Mwalimu Rweyongeza, ambaye migomba yake mitatu ilikuwa inanyauka. Nikaikata kumwonyesha ule usaha wa njano ndani ya shina. Nikafuta panga kwa majani, nikapanda pikipiki ya chama, nikaendelea.

Kwa Anaklet walinipokea kama mkwe. Wakaleta kahawa ya kutafuna, wakaleta kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, mkewe akaimba jina lako ingawa alikuwa hajakuona. Kisha tukaenda shambani kuchukua miche. Panga nilikuwa nalo mkononi, na moto ulikuwa jikoni, hatua thelathini. Nilijua. Usije ukamwambia mtu kwamba baba yako alisahau. Nilisimama kwenye shina la kwanza nikajua kabisa kwamba natakiwa kuomba moto.

Lakini wewe ni mtoto wa huku, unaelewa. Mgeni anapewa zawadi, halafu anaomba moto wa kuchoma panga kabla ya kuigusa? Ni kumwambia mwenyeji kibanja chako ni kigonjwa. Ni kumtemea ndani ya kibuyu alichokukaribishia. Niliona haya. Nikasema moyoni, nimelifuta kwa majani, yatosha. Nikakata miche mitano kwenye mashina matano. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilikwenda mwenyeji akaugua.

Miche yako tuliipanda nyuma ya nyumba, pale ambapo sasa mama yako analima mihogo. Baada ya miezi kadhaa ilianza kulegea, mmoja mmoja. Kisha migomba iliyokuwa jirani nayo. Kisha watu wakaanza kupita njiani polepole wakichungulia. Katibu Moto ananyaukiwa! Aibu ile nilishindwa kuibeba. Nikaenda parokiani, nikakaa mbele ya mashine, nikawaandikia wote: ugonjwa umeingia Ihanda kwa miche iliyotoka Bugomora kwa Anaklet, na tuache kuchukua miche kwa watu ambao hatujui walikotoka.

Sentensi ile ya mwisho isome mara mbili. Alikotoka Anaklet nilikujua kuliko wote: alitoka nyumba ya pili baada ya kanisa la Bugomora. Nilijua pia jinsi watu wangeielewa, na waliielewa hivyo hivyo. Sijawahi kumchukia mtu kwa kabila lake, na huko ndiko kulinifanya nione ni neno dogo tu la kusaidia hoja. Nililitumia kwa sababu lilikuwa karibu.

Baada ya siku tisa Anaklet akajibu. Alipanda lori la kahawa akaja mpaka parokiani kuandika, akarudi bila kupita kwangu. Barua yake ni hii, sijaigusa hata nukta:

"Katibu, waitu ndugu yangu, nakuamkia wewe na mama Koku na mtoto. Nimesoma ulichoandika. Siku ile ulikata miche mitano kwa panga lako, kwenye mashina matano. Mashina hayo yote yamenyauka. Jioni yake mimi nilikata miche kumi kwa panga langu nikampelekea shemeji yangu. Mashina hayo kumi ni mazima mpaka leo, njoo uyahesabu. Ulikuwa umetoka Kamuli kukata migomba ya Mwalimu, ulinisimulia mwenyewe tukitafuna kahawa. Panga hukulipitisha kwenye moto. Niliona. Sikusema, kwa sababu ulikuwa mgeni wangu na ulikuja kwa furaha ya mtoto. Kosa la kunyamaza ni langu. Naomba watu wasomewe haya."

Mwalimu alijibu siku hiyo hiyo: "Katibu, maneno haya ni mazito, na panga kwangu ulilitumia kweli. Jibu." Kesho yake Sista naye: "Nami nangoja jibu la Katibu." Hao ndio watoto wawili uliokuwa unawapa pole.

Sikujibu. Siku ya mkutano nilisimama mbele ya watu na karatasi zangu, nikawasomea barua yangu, nikaruka ya Anaklet, nikaruka na zile mbili, nikaingia kwenye bei ya kahawa. Wale wachache wenye anwani, nusu walikuwa hawajafungua masanduku yao mwezi mzima. Mwalimu hakuwepo, alikuwa anaumwa. Mkutano ukaamua kwamba kibanja cha Anaklet king'olewe chote, ugonjwa usienee.

Tulikwenda watu kumi na wanne. Anaklet alisimama mlangoni na shati la Jumapili. Aliniamkia kwanza mimi, kisha akauliza mbele ya wote, "Katibu, barua yangu umeisoma?"

Nikasema, "Barua gani? Haijafika. Unaujua mtandao wetu."

Akanitazama. Kisha akasema, "Basi itafika."

Akaingia ndani, akatoka na panga lake, akaanza kukata pamoja nasi. Alianza na yale mashina kumi mazima. Mkewe alituletea maji ya kunawa tulipomaliza, na mimi nilinawa.

Jioni ile ile nilipitia parokiani. Sikuwa na hasira wala hofu, nilikuwa nimechoka tu, na nilifanya kazi yangu kwa utulivu ambao leo unanitisha. Nikaitoa barua ya Anaklet kwenye kikundi cha migomba. Kisha nikaona kwamba Mwalimu, katika jibu lake, alikuwa ameacha mistari yote ya Anaklet chini, kama watu wafanyavyo. Nikaifuta na hiyo mistari. Uongo haukai peke yake, unaita wenzake. Majibu mawili niliyaacha kwa sababu nilidhani bila barua yenyewe hayana maana. Ndipo programu ikaonyesha ule mstari mtupu. Nilijaribu kuuondoa nikashindwa. Majibu yalikuwa yamebeba namba ya barua ile, na mashine iliendelea kuiwekea nafasi, kila nikiifungua, miaka yote.

Sista aliniuliza tena, uso kwa uso. Nikamwambia nimekwenda Bugomora tumezungumza, yameisha. Nilimdanganya mtawa. Alihamishiwa nyumba nyingine ya shirika lao mbali, na Mwalimu akafariki mwaka uliofuata. Nikabaki na hifadhi yangu. Kila mwanachama mpya aliyeuliza habari za mnyauko nilimwambia, kwa kiburi, soma barua za zamani kwanza, kila kitu kimo. Akasoma kwamba ugonjwa uliletwa na Anaklet. Wamesoma hivyo hata watoto wa wale kumi na wanne.

Kilichompata yeye nakuambia kwa kifupi, kwa sababu nikirefusha nitaanza kujionea huruma mwenyewe. Hakuna aliyechukua mche kwake tena, na hata rubisi yake watu walikataa, kana kwamba mnyauko unanyweka. Alikwenda kuchunga ng'ombe wa watu kule nyandani, mtu wa migomba, miaka minne. Alirudi akapanda mahindi na maharage. Mpaka leo anapanda mahindi na maharage. Mwaka juzi mkewe alipofariki nilikwenda msibani, nikakaa nyuma kabisa. Tulikula ugali. Msiba wa Bugomora, Koku, na tukala ugali, maana majirani walioleta matoke hawakutosha kulisha watu na kwake hapakuwa na mkungu hata mmoja wa kukata. Alipita akinipa mkono kama alivyowapa wengine. "Ahsante kwa kuja, Katibu," akasema. Barua hakuiulizia.

Unajiuliza kwa nini sikuifuta kabisa. Nimejiuliza pia. Niliihamishia kwenye faili nililoliita Mbolea ya Zamani, nikijua hakuna mtu mwenye akili timamu atakayelifungua. Kila tuliponunua mashine mpya nilihamisha na faili lile. Ningependa kukuambia ni dhamira. Labda ni tabia ya mtunzaji tu, mkono umezoea kutotupa. Mama yako aliwahi kuniuliza mbolea gani hiyo isiyoisha, nikamwambia ya kizamani. Naye hajui haya. Atayajua jioni hii kutoka kwangu, kabla wewe hujamaliza kusoma.

Jumatano, siku moja baada ya dibaji yako, niliirudisha. Nilitegemea kazi ya kutwa nzima, nikavaa na miwani. Haikuwa kazi. Niliiingiza tu kwenye kikundi cha migomba, na kabla sijaondoa kidole ikaenda yenyewe kukaa kwenye mstari ule mtupu, chini ya barua yangu ya uongo, na majibu mawili yakawa chini yake. Mashine haikuniuliza barua ilikuwa wapi. Ilikaa pale kwa wino mzito, haijasomwa, peke yake kati ya maelfu yaliyosomwa. Nililia, mwanangu. Sikulia kwa uzuri wowote. Nililia kwa sababu ilikuwa rahisi kiasi kile, dakika moja, na mimi niliinyima dakika hiyo tangu ukiwa hujaweza kutembea.

Chini ya maneno ya Mwalimu, "Jibu," leo asubuhi nimejibu. Nimeandika: "Mzee Anaklet alisema kweli. Barua yake ilifika siku ile ile. Panga lilikuwa langu, moto niliuruka kwa kuona haya, na barua niliitoa mimi kwa mkono wangu." Nimeituma kwenye anwani ya zamani. Najua wengi waliomo hawafungui tena, na wengine wako makaburini. Alhamisi ijayo chama kinakutana, nitaisoma kwa mdomo pamoja na ya Anaklet, nisimame hapo hapo wakiendelea kunitazama.

Na wewe sasa. Diski yenye hifadhi yote nitaiweka pamoja na karatasi hizi, na barua ya Anaklet imo ndani. Ukitaka kuichukua, ichukue. Ukitaka kuiacha kwa kuona imechafuka, iache, sitakuuliza. Ila ukiichukua naomba usiiweke barua ya Anaklet kana kwamba ilikuwepo pale siku zote. Hiyo itakuwa mara ya pili ya kudanganya, na safari hii kwa mkono wako. Andika kwamba iliondolewa, andika ni nani aliyeiondoa, andika ilikaa nje muda gani. Dibaji yako ya kunisifu uliiandika kwa upendo, nami nimeisikia, inatosha. Usinitetee. Ukifika huko ukakutana na maneno ya "alikuwa kijana", "zamani mambo yalikuwa hivyo", usiyatumie kwangu. Nilikuwa mtu mzima mwenye mtoto.

Wewe pia sikukudanganya mara moja tu. Kila uliposema "maskini" nami nikanyamaza, nilikudanganya upya. Nilikuacha ukajenga maisha yako juu ya umeme uliokatika. Hapo sijui nikuombe nini. Ukinikasirikia utakuwa na haki, na ukikaa kimya na mimi kesho asubuhi nitakubebea begi mpaka kwenye basi vivyo hivyo.

Nilifikiri kuiweka barua hii ndani ya begi lako, chini ya sweta. Ungeisoma ukiwa Biharamulo huko, na mimi ningekuwa salama huku. Nimekwisha kuona usalama wa namna hiyo unanunuliwa kwa gharama gani. Nitaiweka juu ya mto wako, ukirudi uikute. Nitakuwa pale uani nikichambua kahawa. Njoo uniulize lolote, au usije.

Basi likishaondoka kesho sitarudi nyumbani. Nitachukua bodaboda mpaka Bugomora. Nimechimba tayari miche mitano safi kutoka kwa bibi yako, nimeifunga kwenye gunia, na barua ya Anaklet nimeipiga chapa pamoja na jibu langu. Huenda asiipokee miche. Huenda asinipe hata kigoda. Lakini sitamwacha anikaribishe kwanza. Nitasimama mlangoni na panga langu mkononi, kabla ya salamu ndefu, kabla ya kahawa, majirani wakisikia, na nitaomba moto.

Baba yako